Dakika Nne

Baba alipopewa hekta moja na nusu
kando ya njia ya Kipushi,
baada ya miaka ishirini na sita mbele ya mizani ya kiwanda,
hakuuliza mpaka uko wapi.
Alichimba shimo, kina cha mkono hadi kiwiko,
akamimina ndoo ya maji,
akavua saa.

Dakika nne.
Maji yalishuka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.
Mama akashika kiuno:
“Wamekupa chungio, Ba Kapya,
hawakukupa shamba.”

Udongo wenyewe mwekundu ukiloa,
ukikauka una rangi ya mkate ulioungua pembeni.
Ukiupiga jembe unakujibu, na unajibu kwa meno.
Chota kiganja kimoja: nusu ni kokoto,
nyeusi, za mviringo, ndogo kama mbegu za papai;
nusu nyingine vumbi.
Ukiufinyanga hautaki kuwa tonge,
unapita vidoleni na kwenda zake.
Majembe matatu yalikwisha makali hadi shingoni
kabla sijamaliza darasa la sita.

Mbolea ya mkopo ilikaa wiki moja.
Mvua ya Desemba ikaishika mkono,
zikashuka pamoja, hatukuziona tena.
Mahindi yakabaki na rangi ya ndimu mbivu,
kimo changu,
nami nilikuwa mfupi.

Baba hakukasirika. Alifungua daftari la zamani la mizani,
akaandika: Haushiki. Hauzamishi.
Kisha tarehe,
kama vile udongo ulikuwa lori lililopita.

Basi tukapanda vinavyopenda kupumua:
kalanga, mihogo, viazi vitamu kwenye matuta.
Tukabomoa kichuguu kilichokuwa kirefu kuliko nyumba,
tukabeba udongo wake kwa baiskeli, magunia arobaini,
tukautandaza kwa ubahili
kama siagi ya wageni.
Miti ya musuku tuliiacha isimame.
Yenyewe ilipafahamu mahali pale
bila ndoo wala saa.

Bondeni, Ngosa alikuwa na ardhi nyeusi,
nono, yenye kumbukumbu,
isiyosahau hata tone.
Ukaja mwaka wa mvua isiyojua kunyamaza.
Februari nzima mahindi yake yalisimama majini hadi magotini,
yakawa manjano, yakalala.
Jioni moja alipanda kwetu na beseni tupu.
Mama akalijaza kalanga,
maganda yake makavu, bila tope,
na ile habari ya chungio
hakuigusa.

Mwaka wa pili jua lilikaa,
na tulioshuka na beseni tulikuwa sisi.
Ngosa alitupa unga, tukasonga bukari siku tisa.
Ndivyo ilivyo. Kila ardhi ina mwaka wake wa aibu.

Tulimzika baba Januari, mwisho wa matuta,
karibu na musuku mkubwa.
Wachimbaji walinung’unika, sululu zilitoa cheche,
ikabidi tuwaongezee pesa na chupa mbili.
Usiku mvua ikayapiga mabati hadi alfajiri.
Nililala macho wazi nikifikiria maji tu:
yamekaa wapi, yamefika kwenye miguu yake,
au yameitwa.

Kulipokucha nilichukua ndoo,
na ile saa, mkanda wake umekatika.
Hatua tatu kutoka kichwani pake
nilichimba, mkono hadi kiwiko.
Kokoto ziliingia chini ya kucha.
Nikamimina.

Dakika nne na nusu.

Hiyo nusu sijui niiandike wapi.
Labda saa imezeeka.
Labda ardhi ilikuwa bado imeshiba mvua ya usiku.
Labda, baada ya majani yote tuliyoufukia
na jasho, na magunia ya kichuguu, na yeye,
udongo umeanza, kidogo,
kushika.